Gauni langu, mlango wangu, namba ya mtu mwingine

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nashona magauni ya sendofu na sare za harusi, na mwezi uliopita limenikuta jambo ambalo naona linamhusu yeyote anayeposti kazi yake mtandaoni, awe muuza keki, msusi au mpiga picha.

Simu iliingia saa mbili usiku, dada mmoja wa Ifakara, hata salamu hajamaliza ananiuliza gauni langu limefikia wapi dada, sendofu ni Jumamosi. Gauni gani? Lile la kitenge cha njano, nimekutumia advansi elfu 40 na sasa hivi hupokei simu. Nikafungua daftari simuoni, nikaangalia miamala hakuna kitu, nikamwambia yule dada, hebu nitumie hiyo picha uliyoonyeshwa. Ilipoingia WhatsApp nikatafuta pa kukaa. Gauni ni langu kweli, nimelishona mwaka juzi, limetundikwa kwenye mlango wangu wa bluu, komeo lililoliwa na kutu linaonekana, hata mkono wangu upo pembeni umeshika futi. Ila jina la ofisi nililoandikaga pale chini limekatwa na juu imebandikwa namba ya simu ambayo siijui. Namba yangu mimi yule dada alipewa na shoga yake ambaye niliwahi kumshonea, ndio aliyeiona picha akasema mbona huu mlango naujua, huyu si fundi wa Moro!

Nyumbani nakaa na mtoto wa kaka yangu, yuko chuo. Akaniambia shangazi, picha siku hizi inatafutwa kama neno tu. Nikadhani ananitania. Akashika simu yangu, akafungua ile picha kwenye Google Photos, akabonyeza kitufe cha Lens, kile cha Google cha kutafuta kwa picha, basi. Na kama picha iko kwenye tovuti uliyoifungua na Chrome unaikandamiza kwa kidole mpaka menyu itokee, unachagua kuitafuta. Kumbe Google wanatafuta kwa picha toka mwaka 2011 na mi miaka yote hiyo simu ninayo naitumia kuangalia vichekesho.

Mara ya kwanza yalikuja magauni mengi mpaka nikachoka, yote vitenge vya njano, ya Ghana, ya Nigeria, langu silioni. Lens inaleta vinavyofanana, sasa kwa mshono na kitenge kinachouzwa kila soko utafanana na nusu ya Afrika. Kijana akanionyesha pale juu kuna sehemu ya picha zilezile hasa, ukibonyeza hapo yale mengine yanapungua. Alafu akafanya kitu ambacho nisingekifikiria, akaikata picha akabakiza mlango na komeo na mkono wangu akatafuta kwa hicho kipande. Hapo ndo nikajiona. Kwenye blogu moja ya mishono mipya, na kwenye mtandao wa kubandika picha ambako limebandikwa kwenye kurasa tatu za watu tofauti, moja imegeuzwa kushoto kulia, mkono wangu wa kulia umekuwa wa kushoto.

Tukajaribu na TinEye, tovuti nyingine ya kutafutia picha, hii ni ya Toronto kule Canada, ipo toka 2008, yenyewe haitafuti kinachofanana inatafuta picha ileile hata kama imekatwa au imebadilishwa rangi. Ikaleta sifuri. Nikafurahi kidogo, nikasema afadhali, kijana akanicheka, akasema sifuri maana yake ni kwamba hawajapita hapo, sio kwamba haipo.

Na hapa ndipo ninapotaka wenzangu wanielewe. Hizi programu zote zinaona yale ya wazi tu. Ndani ya magrupu ya WhatsApp hazioni, statasi hazioni, akaunti iliyofungwa haziioni, na biashara yetu sisi inafanyika wapi kama sio kwenye statasi na magrupu? Yule tapeli hakuonekana popote kwenye Google. Aliyemnasa ni shoga mtu aliyeukumbuka mlango. Kwa hiyo tafuteni ndio, angalau mara moja kwa mwezi kwa zile picha zenu zinazovutia zaidi, lakini pia waambieni wateja wakiona kazi yenu kwenye namba ngeni wawatumie skrinshoti. Mi sasa hivi nina wateja kama kumi hivi ambao ndio Google yangu.

Ukiipata picha yako kwa mtu usikimbilie kumtukana inboksi, nilifanya hivyo kwenye ile namba nikablokiwa ndani ya dakika mbili na ushahidi wote nikawa siuoni tena, profaili yenyewe sikuwa nimeipiga skrinshoti. Kwanza nasa, pamoja na linki na tarehe, ndo uripoti. Na ile picha ya mwanzo uliyoipiga usiifute kwenye simu, maana ile ina tarehe na aina ya simu ndani yake, ikipita WhatsApp vile vitu vinatoka na picha inapungua ubora. Mi ya kwangu nilishaifuta kupunguza nafasi, nikaja kuipata Google Photos kwa bahati. Hakimiliki huhitaji kusajili ndio iwe yako, inaanza ukishapiga, ila ni ya aliyepiga, sio ya aliyeshona. Zangu nyingi kapiga huyu kijana, sasa ananidai soda kila nikiposti.

Lililoniuma zaidi sio gauni. Katika kutafuta tafuta tulikuta bibi harusi wangu mmoja, nilimposti kwa ruhusa yake, sura yake imewekwa kwenye tangazo la dawa za kupunguza tumbo, yeye ndo yule wa "baada". Nilimpigia mwenyewe kumwambia, kazi ngumu kuliko kushona. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inafanya kazi toka Mei 2023 na tume yake ipo, malalamiko yanapelekwa huko. Wenzetu Kenya mwaka 2023 kamishna wao wa data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 za kwao kwa kuposti picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya starehe 1,850,000 kwa picha ya mteja. Bibi harusi wangu anaandika malalamiko yake, mi namsaidia kwa skrinshoti.

Sasa Mhariri niseme na ya kwangu, maana kijana alipochoka kutafuta wezi wangu akageukia katalogi yangu ya ofisini, ile albamu ninayowaonyesha wateja wachague mshono. Picha 40. Akazipitisha moja moja, bando langu. Kumi na moja sio zangu. Nyingine nilizitoa mtandaoni miaka hiyo, nyingine nilitumiwa na wateja wakisema nataka kama hili, nikazihifadhi, zikakaa na zangu mpaka nikasahau ipi ni ipi. Mafundi wote tunafanya hivi na tusidanganyane. Sijawahi kula advansi ya mtu, ila mteja akiuliza hili umeshona wewe, mara ngapi nimeitikia mhm nikaendelea kupima kiuno? Zile 11 sijazitoa, nimeziandikia chini kwa kalamu kwamba picha sio yangu, mshono naweza. Juzi mteja mmoja kasoma akachagua hiyohiyo.

Yule dada wa Ifakara nilimshonea usiku wa Alhamisi na Ijumaa kwa pesa ya kitambaa tu, akavaa, elfu 40 yake haijarudi. Ile namba bado ipo hewani, wiki hii wateja wangu wameniletea skrinshoti mbili, magauni mengine yangu, mlango uleule. Mlango nimeupaka kijani. Kwa hiyo mwenye kutumiwa gauni kwenye mlango wa bluu akiambiwa limeshonwa juzi, ajue halijashonwa juzi.

Fundi cherehani,
Morogoro