Gigli iliharibikia mezani kwa mhariri

Mhariri,

Wanaoiponda filamu ya Gigli (2003) huwatupia lawama waigizaji wakuu, Ben Affleck na Jennifer Lopez. Kosa lenyewe liko kwenye uhariri. Mwongozaji Martin Brest alishuti hadithi ya wahalifu wanaomshikilia kijana mateka. Studio ikataka mapenzi, filamu ikakatwakatwa na sehemu nyingine zikashutiwa upya. Mshono unaonekana wazi: kidole gumba cha maiti kinakatwa mochwari kwa kisu cha plastiki, kisha Affleck na Lopez wanataniana kana kwamba hakuna mateka ndani ya nyumba. Mtazamaji acheke au aogope? Dola milioni 75 zilizotumika zikarudisha milioni 7 tu.

Waandishi wa skripti, kabla hamjashuti, pitieni kila tukio la utekaji: wapenzi wamepoteza nini? Kama hakuna, liandikeni upya.

Mdau wa filamu