Barua ya wazi kwa diwani wa utamaduni, Edinburgh: wenye picha wana majina

Kwa Mheshimiwa Diwani unayesimamia utamaduni,
Halmashauri ya Jiji la Edinburgh.

YAH: MAJINA YA WAVUVI NA WAUZA SAMAKI WA NEWHAVEN

Mheshimiwa,

Salamu za heshima. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ninayoweza kudai nayo kitu bila kigugumizi. Mwanangu, aliyesomeshwa na shule za jiji lako, ameniahidi kukufasiria. Nimemkanya asinipambe.

Mie ni mzaliwa wa Malindi, Unguja, mtoto wa mvuvi, na sasa naishi Leith. Siku za jua, nawe wajua zilivyo chache, hutembea kwa miguu hadi bandari ya Newhaven, kijiji cha kale cha wavuvi kilichomo jijini mwako, kunusa chumvi. Huko ndiko nilikoanza kuulizia picha za David Octavius Hill na Robert Adamson.

Wewe habari zao unazijua. Wanaosoma barua hii kwa Kiswahili huenda hawazijui, kwa hiyo nivumilie. Mei 1843 mamia ya wachungaji walijitoa katika Kanisa la Scotland, na Hill, aliyekuwa mchoraji, akataka kuwachora wote katika picha moja kubwa. Kumkalisha kila mmoja achorwe kungemmaliza umri. Akaelekezwa kwa Adamson, kijana wa miaka 22 aliyekuwa ameufahamu ufundi mpya wa Mwingereza Talbot wa kupiga picha juu ya karatasi. England Talbot aliwatoza ada waliotumia ufundi wake, lakini haki yake haikuvuka mpaka kuingia Scotland. Basi wawili hao wakafanya kazi Rock House, kilimani Calton, bila kumlipa mtu. Walipokwisha kuwashughulikia wachungaji kadhaa, wakateremka pwani, Newhaven, kuwapiga picha wavuvi na wauza samaki.

Hapo ndipo moyo wangu ulipo. Hebu watazame wale wanawake. Wamevaa sketi za milia, moja juu ya nyingine, zimekunjwa kiunoni. Tenga la samaki liko mgongoni na ukanda wake unapita kwenye paji la uso, kama mama wa Kikuyu na mzigo wake wa kuni. Kutoka Newhaven mpaka katikati ya mji ni kilomita kama 3, nayo ni njia ya kupanda, na walikwenda mlango kwa mlango wakinadi heringi na chaza. Kwetu baba alivua na mwanamume mwenzake akanadi. Newhaven mume alivua, mke akauza, na pesa zikarudi mkononi mwa mke. Ukilijua hilo, hutashangaa jinsi wanavyoitazama kamera.

Wameegemeana pia. Mmoja kamwekea mwenziwe mkono begani, mwingine kashika shavu. Watu huliona pozi hilo wakasema ni upendo, na huenda ni upendo kweli, ila karatasi ile ilitaka mtu atulie juani bila kutikisika, na ukishamwegemea jirani hutikisiki upesi.

Yumo mmoja ambaye macho ameyainamisha chini. Mwaka 1931 mwanafalsafa wa Kijerumani Walter Benjamin aliandika kwamba picha hiyo inakudai ulijue jina la mwanamke yule aliyekuwa hai. Jina lipo: Elizabeth Johnstone Hall. Yapo pia ya Jeanie Wilson na Annie Linton, na la Willie Liston, anayeonekana akitengeneza mshipi wake wa kuvulia. Lakini zipo picha nyingine ambazo maelezo yake ni "wanawake wa Newhaven" au "wavulana wa Newhaven", na nukta.

Niliwahi kwenda kwenye maonyesho mahali fulani, pa kupataja si muhimu. Kibandiko kilitaja mpiga picha, mwaka, aina ya karatasi na aliyeitoa picha zawadi. Waliopigwa hawakutajwa. Babu mmoja aliyesimama kando yangu akainyooshea kidole sura ya tatu kutoka kushoto, akasema, "Hiyo taya ni ya kwetu." Pale hapakuwa na mtu wa kuyaandika maneno yake. Akafunga koti, akaondoka.

Labda imeniuma kwa sababu ya kwetu. Kadi za posta za Zanzibar ya zamani, za studio kama ya A. C. Gomes, bado zauzwa na kununuliwa. Mwanamke kavaa kanga yake vizuri, na chini yake pameandikwa "mwanamke wa Kiswahili". Wa mtaa gani? Mama wa nani? Waliokuwa wakijua tumeshawazika. Newhaven bado hamjafika huko, ingawa hamko mbali. Bomoabomoa ya karne iliyopita ilizitawanya familia nyingi, na makumbusho madogo yaliyokuwa katika jengo la soko la samaki yalifungwa.

Najua kwa nini picha asilia zimewekwa gizani. Ni karatasi iliyotiwa chumvi na fedha, na mwanga huifubaza. Ziacheni huko huko. Ninachoomba ni nakala. Zibandikeni Newhaven kwenyewe, kwa ukubwa wa mtu, penye ukuta wa bandari na pale tramu inapoishia tangu 2023, na chini ya kila sura liandikwe jina lake. Lisipojulikana, achieni nafasi tupu ionekane kuwa ni tupu.

Kabla ya hapo wekeni meza. Meza moja, Jumamosi, nakala zikiwa zimetandazwa, penseli, chai, na mfanyakazi wa maktaba anayejua kunyamaza akasikiliza. Waiteni kina Liston, kina Hall, kina Linton na walioolewa mbali. Waje na albamu zao, kwa kuwa taya hulinganishwa na taya. Mzee akisema jina, liandikwe pamoja na jina la aliyelisema, ili atakayebisha ajue pa kuanzia. Maktaba za jiji lako tayari zina mtandao wa picha za kale, kwa hiyo pa kuyahifadhi majina hayo pasitafutwe upya.

Hill na Adamson walitangaza mwaka 1844 kuwa watatoa kitabu cha wavuvi na wanawake wa Firth of Forth, ghuba iliyo mbele ya Newhaven. Hakikutoka. Adamson alifariki Januari 1848 akiwa na miaka 26, na watu wa Newhaven wakaendelea kupanda kilima na matenga yao.

Meza ninayo, ni ya kukunja. Viti vinne pia. Mkitaja Jumamosi, nitavileta kwa tramu.

Wako mtiifu,
Mtoto wa mvuvi wa Malindi,
Leith