Shukrani kwa mama wa kitenge cha bluu, Buhongwa, Mwanza

Mama, shikamoo. Jina lako sikuuliza, na linaniuma mpaka leo.

Ulinikuta kwenye benchi la ofisi ya kata, fomu ya mkopo wa vijana mkononi, machozi yananilenga. Miaka sita nachomelea mageti mtaani, cheti sina. Ukaketi. Ukanieleza taratibu kwamba halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba, ila unataka kikundi. Kumbe ndipo nilipokwama! Kisha ukanitajia urasimishaji ujuzi wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi: fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa kile anachokijua tayari, anaongezewa pale alipopungukiwa, anapata cheti bila kurudi kuanza moja. Sikuwahi kuusikia, na mafundi wengi wa huku bado hawajausikia.

Ukanilipia na nauli ya daladala hadi chuo cha VETA, Nyakato.

Cheti ninacho, mama. Kikundi tunacho, mashine ya kuchomelea ni yetu, na kuna binti anajifunza kwangu. Ukiona geti la kijani lenye umbo la sangara juu, ni kazi ya mikono yangu. Piga hodi, chai ipo.