Kifumbu si kikapu: barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni, Kaunti ya Lamu

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaikum. Kabla bajeti haijafungwa, nakuomba unisikilize habari ya kifumbu kimoja.

Niliwahi kuwapeleka watoto wa gredi ya tano, pamoja na bibi wa mmoja wao, kwenye makumbusho fulani ya pwani ambayo sitayataja. Watoto waliipita milango ya nakshi mbiombio. Bibi akasimama mbele ya kabati la vioo, akaangua kicheko. Ndani mlikuwa na kifumbu kikavu, ukindu umeanza kukatika mdomoni. Kadi yake, kwa Kiingereza tupu, ilisema ni kikapu cha pwani. "Kikapu! Hutiwa nini humu, mahamri?" Akaanza kuonyesha kwa mikono mitupu: nazi inakunwa kwenye mbuzi, inatiwa kifumbuni, inasokotwa hadi kasimile itiririke, halafu maji, halafu tui la pili, mwisho chicha kwa kuku. Watoto wote walimzunguka. Simu ilikuwa mfukoni mwangu na sikuitoa. Najilaumu mpaka leo.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inayataja makumbusho miongoni mwa kazi za kaunti, ingawa majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yako kwa serikali kuu. Kwa hiyo hili si la Nairobi peke yake. Keti na wenzako wa Makumbusho ya Taifa mwanze na rejista. Ya kawaida huwa na nambari ya kifaa, kilikotoka, aliyekitoa na hali yake. Iongezwe jina la kifaa kama linavyotamkwa na wenyewe, kwa Kiamu au Kibajuni, na sauti ya mtu aliyekitumia. Yatosha kijana mmoja mwenye simu nzuri, nauli ya boti hadi Faza na Siyu, na subira ya kunywa kahawa na wazee. Siwa mbili, zile baragumu za sherehe, ile ya pembe ya Pate na ile ya shaba ya Lamu, zimeshaandikwa sana na wataalamu, zinaweza kungoja. Wasioweza kungoja ni watu. Ngome ya Lamu ilikuwa jela hadi 1984, maana yake waliofungwa mle na askari waliowalinda bado tunapishana nao vichochoroni. Nani amewauliza?

Na wageni wamebadilika. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa 2021, na kazi zimeleta watu wa bara. Mpeketoni kuna familia zilizohamia tangu miaka ya 1970. Wajukuu wao ni watoto wa Lamu kama wangu. Mtoto huyo akiingia makumbusho, ajione wapi? Sitaki tumbunie jibu. Kwa mwezi mmoja, mlinzi wa mlangoni awaulize watu wametoka wapi, walifuata nini, na wakitoka, ni kifaa gani kiliwasimamisha. Hapo ndipo tujue cha kukusanya, maana ukikusanya bila kuuliza utajaza stoo tu.

Nayo stoo ina kikomo. Vifumbu kumi vinavyofanana, visivyojulikana vilitoka wapi, havina haja ya kuhifadhiwa vyote. Kimoja kitolewe kabatini, watoto wakamue nazi wenyewe. Na kabla hatujauziwa skrini kubwa (wauzaji hawakosi), tununue rafu za kuinua vitu kutoka sakafuni. Mchwa hawajali kama kifaa kimepigwa picha, na upepo wa bahari na chumvi yake haupumziki.

Bibi yule yuko hapa Langoni, alhamdulillahi, mzima na ulimi wake ule ule. Taja siku tu, nitakuja naye. Nazi na mbuzi tutabeba wenyewe.

Wako,
Mwalimu mstaafu, Langoni, Lamu