Barua ya wazi kwa watu wa usemi, lugha na usikivu, kuhusu wenzetu waliotangulia

Wanangu, wadogo zangu, na ninyi wajukuu wa kazi hii mlioanza juzi,

Nawasalimu kwa heshima kutoka Tanga. Ninawaandikia kwa sababu ya jambo lililotokea mwezi uliopita kwenye mazishi ya mwenzetu, jambo ambalo wengi wenu mliliona kwa macho yenu, na mimi nililiona pia, nikakaa kimya kama ninyi.

Wasifu wa marehemu ulisomwa kwa dakika nne. Tulielezwa mwaka aliozaliwa, shule alizosoma, vyeo alivyoshika na idadi ya wajukuu alioacha. Kisha akasimama mwanamume wa makamo, ambaye sitamtaja jina, akaomba kusema machache. Ana kigugumizi, na sisi wa umri wangu tulimtambua mara moja: aliletwa kwa marehemu akiwa mtoto wa miaka saba asiyethubutu kufungua kinywa mbele za watu. Alipofika neno la tatu sauti ilikwama, naye akafanya kile alichofundishwa, yaani akaacha kulisukuma neno, akatulia, akalisubiri lije lenyewe. Mshereheshaji akadhani amemaliza. Akamshukuru na kuchukua kipaza sauti, akisema muda umetubana. Pale msibani tulikuwa watu wasiopungua kumi tuliosomea kumsubiri mtu amalize kusema, na hakuna hata mmoja aliyeinua mkono.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaza jinsi tunavyowakumbuka wafu wetu. Tunasoma vyeo vyao na kuiacha kazi yenyewe bila kuitaja, ilhali mtu pekee aliyekuja kuitaja tulimnyang'anya nafasi.

Basi niieleze kidogo mimi. Sisi wa zamani tuliingia katika kazi hii kwa mlango wa nyuma, wengine wakitokea uuguzi, wengine ualimu wa viziwi, kwa sababu hapakuwa na chuo kikuu cha kwetu kilichoifundisha. Ninyi mliosoma Makerere, ambako shahada ya tiba ya usemi na lugha ilianza mwaka 2008, hamkuyaonja hayo. Tulipewa fomu za kupimia matamshi zilizotungwa kwa ajili ya watoto wa Kiingereza. Fomu ile ilikuwa na safu tatu: konsonanti ikiwa mwanzoni mwa neno, ikiwa katikati, na ikiwa mwishoni. Sasa neno la Kiswahili, ukiondoa machache ya kukopa, huishia kwa irabu. Safu ya tatu haikuwa na cha kuandikwa. Wengi wetu tuliiacha wazi, na namkumbuka mmoja aliyekuwa akiijaza sifuri, kana kwamba watoto wote wa pwani wameanguka mtihani.

Marehemu aliipa safu ile kazi nyingine. Aliandika humo lugha inayosemwa nyumbani kwa mtoto na nani anayemlea mchana. Fomu zilipokwisha alichora daftari zake mwenyewe kwa rula, akaweka picha za vitu ambavyo mtoto wa kwetu anavijua, kama mbuzi, ndizi, ng'ombe, nyanya na ghala, ili kila sauti ipate neno lake, zikiwamo zile sauti za mb, nd na ng' ambazo fomu ya kigeni haikuziulizia mahali zinapokaa katika Kiswahili.

Kwa safu hiyo ya tatu aliniumbua, na namshukuru. Nilimwambia mama mmoja kwamba mwanawe ana tatizo la ulimi kwa sababu anachanganya r na l, nikampangia wiki nane za mazoezi. Marehemu akanivuta pembeni, akanionyesha alichokiandika: mtoto analelewa na bibi yake, na lugha ya bibi, kama lugha nyingi za Kibantu, haizitenganishi sauti hizo mbili. Mtoto yule hakuwa mgonjwa wa chochote. Alikuwa akisema kama bibi yake.

Daftari zile zilikuwa zimejaza makabati mawili. Alipostaafu, ofisi ikahamishiwa jengo jingine, mtu akaona ni makaratasi, yakapelekwa jalalani na kuchomwa. Hospitali siitaji, wala simlaumu sana mfagiaji aliyetumwa. Nawalaumu waliobaki katika ofisi ile kwa kutouliza, na mmoja wao ni mimi.

Ushauri wangu wa kwanza unatokana na moshi ule. Mwenzenu akifariki, kabla ya arobaini yake wawili kati yenu wakae na familia, na wawili wengine wakae na waliofanya naye kazi chumba kimoja, wakusanye alichokijua ambacho hakimo katika vitabu: alimpimaje mtoto asiyekubali kuvaa vipokea sauti, alizungumzaje na mke wa mtu aliyepoteza maneno baada ya kiharusi, ni kitu gani alikijaribu kikashindikana. Liandikwe pia pendekezo lake lililokataliwa kwa kukosa fedha, maana linaweza kuhitajika miaka ishirini baadaye.

La pili ni gumu zaidi, kwa sababu sisi tumelelewa kwamba marehemu hasemwi. Nakubali asisengenywe. Lakini katika kazi ya tiba, kosa likifukiwa pamoja na mwenyewe, atakayelirudia ni kijana asiyejua kwamba limewahi kutendeka. Wendell Johnson wa Chuo Kikuu cha Iowa, huko Marekani, alikuwa na kigugumizi mwenyewe, na alifanya mengi kuwatoa watu wenye kigugumizi katika aibu. Alipofariki mwaka 1965 alikuwa mmoja wa wakubwa wa fani hii, na kituo cha usemi na usikivu cha chuo kile kilipewa jina lake. Ni yeye pia aliyemsimamia mwanafunzi wake mwaka 1939 katika jaribio lililofanywa kwa watoto 22 wa kituo cha yatima mjini Davenport, ambapo baadhi ya watoto waliokuwa wakisema vizuri waliambiwa kwamba wanaanza kuwa na kigugumizi na wasiseme mpaka wawe na hakika. Wengine kati yao walijikunyata na kuacha kusema ovyo kama wasemavyo watoto. Matokeo hayakuchapishwa, habari ikalala hadi magazeti yalipoifukua mwaka 2001, chuo kikaomba radhi, na mwaka 2007 jimbo la Iowa likakubali kulipa dola 925,000 kwa wale waliodai fidia. Wakati huo waliokuwa watoto walikuwa wazee kama mimi. Mimi sitaki Johnson afutwe katika masomo yenu. Nataka mwanafunzi anapofundishwa jina lake afundishwe na Davenport siku hiyohiyo.

Msidhani ninayasema haya kwa kuwa ni ya mbali. Nilipokuwa mwalimu kijana wa viziwi tulifuata njia ya midomo, yaani kumfundisha kiziwi asome midomo na aseme kwa sauti bila ishara, ile iliyopitishwa na mkutano wa walimu wa viziwi mjini Milan mwaka 1880, na nilikuwa nikiwakalisha watoto juu ya mikono yao ili wasizungumze kwa ishara. Niliamini nawasaidia. Mwaka 2010, mkutano wa kimataifa wa namna hiyohiyo uliofanyika Vancouver ulitamka majuto kwa uamuzi wa Milan. Siku yangu ikifika, aandikaye habari zangu aandike na hilo, na familia yangu nimekwisha kuiambia.

Na kwa kuwa nimewataja viziwi, mtazameni Andrew Foster, ambaye hakuwa daktari wa masikio wala mtaalamu wa matamshi, lakini hakuna anayeshughulikia usikivu barani Afrika asiyepaswa kumshukuru. Aliupoteza usikivu akiwa na miaka 11 kwa homa ya uti wa mgongo. Mwaka 1954 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada katika Gallaudet, chuo cha viziwi cha Washington. Kuanzia Accra mwaka 1957 alifungua shule zaidi ya 30 za viziwi katika bara hili, na tarehe 3 Desemba 1987 alifariki kwa ajali ya ndege nchini Rwanda akiwa safarini kuja Kenya. Wanaoitunza habari yake hasa ni viziwi wenyewe, waliofundishwa naye na waliofundishwa na wanafunzi wake, nao huisimulia kwa mikono bila kungoja sisi tuwape kipaza sauti. Wapo pia kati yao wanaosema wazi kwamba ishara alizokuja nazo zilikuwa za Kimarekani na zilizisukuma kando ishara za wenyeji. Wanampenda na wanalisema hilo, na sijasikia kwamba mapenzi yao yamepungua.

Katika kukusanya hayo yote, mchunge siri za watu. Daftari la mtaalamu lina majina ya watoto ambao leo ni wazazi, pengine mabosi wenu. Majina yafichwe kabla karatasi haijatoka chumbani, na mtu asiombwe kutoa ushuhuda msibani kama pambo la shughuli. Akijitokeza mwenyewe, kama alivyojitokeza yule bwana, mmoja wenu aende akae karibu na mshereheshaji na kumnong'oneza kwamba kimya kile ni sehemu ya maneno. Yule bwana nimempigia simu kumwomba radhi. Alicheka, akaniambia amezoea, akakubali kunisimulia alichotaka kusema; ilichukua saa nzima na nimekiandika.

Sasa niwape habari iliyobaki. Daftari moja la marehemu liliokoka moto kwa sababu nililiazima na sikulirudisha, tabia mbaya ambayo mke wangu ananisimanga nayo kwa vitabu vya watu wengi. Liko nyumbani kwangu. Lina watoto 61, picha zimechorwa kwa kalamu ya risasi, na safu ya tatu imejazwa yote. Unyevu wa Tanga umeanza kugandisha kurasa za mwisho na macho yangu hayaoni tena vizuri mwandiko mdogo, kwa hiyo naomba wawili kati yenu waje kabla ya masika, wenye subira ya kubandua karatasi, na chumba cha kulala kipo.

Mzee wenu mstaafu,
Tanga