Antivairasi ya bure mnayo tayari, acheni kununua kraki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongee na wenzangu wa Kigoma, hasa sisi wenye kompyuta moja nyumbani inayotumiwa na kila mtu, watoto wanaingiza gemu na muvi, mama anaandika mahesabu ya vikoba, mgeni akija na yeye ana flashi yake anaomba afungue kitu kidogo tu, na flashi zenyewe zimeshapita steshenari zote za Mwanga na Ujiji kabla ya kufika kwako. Nataka kusema jambo moja kuhusu antivairasi maana hapa mjini watu wanaliwa hela.

Ukipeleka kompyuta kupigwa windo, yaani kuwekewa Windows upya, fundi akimaliza anakuuliza, madamu nikuwekee na antivairasi? Ukiitika ni elfu kumi nyingine, kwingine elfu kumi na tano, na utaambiwa hii ni ya kulipia, orijino, inakaa mwaka mzima, zile za bure ni geresha. Sasa usiondoke, kaa hapo umwangalie mikono. Anachomeka flashi, anafungua folda, ndani kuna faili la kuinstoli na pembeni yake kuna kafaili kadogo kameandikwa kraki au aktiveta, yaani kaprogramu ka kuifanya programu ya kulipia ikubali bila kulipiwa, na kabla hajakagusa anaenda kwanza kuizima Defender, ile ngao ya Windows yenyewe. Muulize mbona unaizima? Atakujibu hizi mbili zinagombana. Ni kweli antivairasi mbili zikilinda kwa pamoja zinagombana na kompyuta inakuwa nzito, lakini siyo sababu aliyoizimia, kwa sababu antivairasi nyingine ikiingia kihalali Defender inakaa pembeni yenyewe bila kuguswa na mtu. Anaizima kwa sababu ikibaki macho itakidaka kile kikraki ikifute hapo hapo mbele yako. Yaani mlinzi anafungwa kamba ili aingizwe mlinzi mwingine mwenye kitambulisho cha kughushi, na wewe ndiye unayelipia kamba.

Hizi kraki jamani tusizichukulie poa. Ni programu ya mtu usiyemjua, inaomba ruhusa ya juu kabisa kwenye kompyuta na inapewa, kwa sababu fundi amebonyeza ndiyo. Kuna kirusi kinaitwa STOP, wengine wanakiita Djvu, hicho kimeumiza sana watu wa majumbani kuliko maofisi na njia yake kubwa ya kuingilia ilikuwa ni hizi hizi kraki na aktiveta. Kinafunga mafaili yote, picha za harusi, barua, mitihani, kila kitu kinabadilika jina kwa mbele hakifunguki, halafu kinakuachia kijibarua kinachodai dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 unapunguziwa nusu, dola 490. Kuna dawa ya bure ya kampuni ya Emsisoft iliyotoka mwaka 2019 lakini haifungui mafaili yote, inategemea kirusi kilifunga kwa ufunguo gani, kwa hiyo wengine wamepona na wengine mpaka leo wanatunza hadidisiki wakisubiri. Sasa mtu anayekimbia virusi kwa kununua kraki ya antivairasi mimi simwelewi kabisa.

Ukweli ni kwamba ukiwa na Windows 10 au 11 antivairasi ya bure umeshapewa, imo ndani, hulipi, hujisajili, haikuletei matangazo ya kununua toleo kubwa kila ukiwasha. Najua mafundi wa zamani wanaidharau na wana sababu yao. Enzi za Windows 7 kulikuwa na kitu kinaitwa Windows Defender kweli, ila kazi yake ilikuwa kukamata programu za upelelezi tu, ukitaka ya virusi unadaunilodi Microsoft Security Essentials iliyotoka mwaka 2009, hiyo nayo bure. Ilipokuja Windows 8 mwaka 2012 ndiyo vikaunganishwa vikawa kitu kimoja, na miaka ile ya mwanzo alama zake kwenye majaribio zilikuwa za chini, hilo siwabishii. Lakini mambo yamebadilika zamani. Kuna maabara Ujerumani inaitwa AV-TEST, wao wanatoa alama 6 za ulinzi, 6 za wepesi na 6 za kutozushia mafaili yasiyo na kosa, jumla 18, na miaka ya karibuni Defender imekuwa ikipata 18 au jirani kabisa na hapo, meza moja na zile za kulipia. Fundi anayekwambia haina nguvu anakuhadithia habari za miaka zaidi ya kumi iliyopita.

Ina udhaifu wake lakini, na udhaifu huo unatugusa sisi huku kuliko mtu wa Dar mwenye faiba nyumbani. Defender inategemea sana intaneti. Ikikutana na faili isiyolijua inauliza kwenye mitambo ya Microsoft, na majibu yanarudi haraka sana, ila kama kompyuta haina mtandao hilo swali haliendi popote. AV-Comparatives, maabara nyingine ya kule Innsbruck Austria, huwa wanapima hizi programu zikiwa na intaneti na zikiwa hazina, na Defender ni mojawapo ya zinazopungua nguvu kwa kukosa mtandao. Sasa fikiria nyumba zetu, intaneti ni hotspoti ya simu, inawashwa jioni dakika chache basi, na bado fundi amekuzimia apdeti zote kabisa eti zinakula bando. Zinakula kweli, sikatai, apdeti kubwa ya Windows inaweza kumaliza bando la wiki. Lakini Defender orodha yake ya virusi kwa kawaida inaichukulia njia hiyo hiyo ya apdeti, ukiiziba umeinyima chakula, halafu ikishindwa kazi mnasema ni ya hovyo!

Kwa wenye shida ya bando kuna njia. Microsoft wanaweka hiyo orodha ya virusi kama faili la peke yake kwenye tovuti yao, linaitwa mpam-fe, unalidaunilodi popote penye waifai, kazini au chuoni, unaliweka kwenye flashi, ukifika nyumbani unalibonyeza mara mbili inatosha. Angalia tu uchukue la 64 biti kama windo yako ni ya 64, la 32 ni faili tofauti. Nashangaa steshenari zetu hazina hii huduma, ingekuwa biashara safi kabisa, leta flashi tukuwekee apdeti ya wiki hii kwa mia tano, watu wangepanga foleni.

Kama kompyuta yako inakaa bila mtandao muda mwingi na unataka kitu kingine cha bure, zipo. Bitdefender ya Romania ina toleo la bure, tulivu, inataka ujisajili kwa imeili. Kaspersky ya Urusi nayo ina ya bure, Marekani mwaka 2024 waliipiga marufuku kuuzwa kwao kwa kuihofia serikali ya Urusi, hiyo kila mtu apime mwenyewe. Halafu kuna Avast, AVG na Avira ambazo watu wanabishana vijiweni ipi kali wakati zote zina baba mmoja, Avast iliinunua AVG mwaka 2016, Avira ikanunuliwa na wenye antivairasi ya Norton, na mwaka 2022 wenye Norton wakaungana na Avast, leo zote ziko chini ya kampuni ya Gen Digital. Kukamata virusi zinakamata vizuri tu. Ila mjue bure yao ilikuwa na bei. Avast walikuwa na kampuni yao tanzu inaitwa Jumpshot ambayo ilikuwa inauza taarifa za watu, tovuti gani umeingia, umetafuta nini, saa ngapi, mpaka mambo ya magonjwa na dini, habari zilipofumka Januari 2020 wakaifunga, na mwaka 2024 mamlaka ya Marekani ya kulinda walaji, FTC, ikawatwanga dola milioni 16.5 na kuwakataza kuuza taarifa za kuperuzi kwa ajili ya matangazo. Programu iliyowekwa kulinda nyumba ndiyo ilikuwa inahesabu nani anaingia na nani anatoka. Mimi kwa hilo tu nabaki na Defender, mwingine ataona walishaadhibiwa watakuwa wamejirekebisha, sawa. Ukiamua kuichukua ichukue kwenye tovuti yake mwenyewe, na wakati wa kuinstoli soma kila ukurasa, usibonyeze mbele mbele tu maana utajikuta na brauza ambayo hukuiomba.

Malwarebytes ya bure siku 14 za kuonja zikiisha inabaki ya kuskani tu pale unapoiamuru, hailindi muda wote, kwa hiyo ni nzuri ya kupata maoni ya pili siku umeshtukia kitu. Smadav ya Indonesia inapendwa sana huku kwa ajili ya flashi, na wenyewe walioitengeneza wanasema ni ya kusaidiana na antivairasi nyingine, siyo ya kukaa peke yake, lakini utaikuta imekaa peke yake kwenye kompyuta kibao.

Na hapo kwenye flashi ndipo penye ugonjwa wenyewe wa Kigoma. Unatoka kuprinti, unachomeka flashi nyumbani, folda zote zimegeuka shotikati, yaani vialama vya njia ya mkato, zina kamshale kadogo pembeni na saizi yake ni KB 1 au 2. Watu wanalia mafaili yamefutwa, fundi anasema tuifomati, na hapo ndipo mafaili yanapopotea kikweli. Hayajafutwa. Kirusi kimeyaficha, halafu kimeweka shotikati zenye majina yale yale, ukibonyeza shotikati inaamsha kwanza kirusi kisha inakufungulia folda yako kama kawaida, ndiyo maana mtu anaweza kukaa nacho miezi hajui. Skani kwanza kompyuta yenyewe, kisha flashi, zifute zile shotikati, halafu fungua lile dirisha jeusi la kuandika amri, wanaliita CMD, uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E, ubonyeze enta usubiri. Folda zinarudi. Kuna watu wanalipishwa elfu tano kwa mstari huo mmoja.

Kuhusu Windows 10, Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mtumba tulizonazo hazikubali Windows 11, inataka TPM 2.0, kidude cha usalama kilichomo ndani ya kompyuta, na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8. Usikimbilie kutupa kompyuta. Wametoa mwaka mmoja wa nyongeza wa apdeti za usalama mpaka Oktoba 2026, ukijiandikisha kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu seting zako zihifadhiwe kwao huwalipi kitu, na Defender wamesema itaendelea kuletewa orodha ya virusi mpaka Oktoba 2028. Ila orodha ya virusi haizibi matundu ya windo yenyewe, kwa hiyo ikifika huko mwenye kompyuta ya kuandikia na kuingia mtandaoni tu bora aanze kuizoea Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, nao bure. Wenye Windows 7, na bado mpo wengi mpaka kwenye steshenari, hiyo ilikatwa tangu Januari 2020, hakuna antivairasi ya kuwasaidia hapo.

Anayetaka kujua kama ile orijino ya elfu kumi na tano inafanya kazi aipime. Taasisi ya Ulaya inayoitwa EICAR ina faili la majaribio, ni herufi 68 tu, halina madhara yoyote, ila antivairasi zote za maana zimekubaliana kulikamata kama kirusi. Unalichukua kwenye tovuti yao au hata unaziandika hizo herufi kwenye Notepad unasevu. Defender ikiwa hai hutamaliza hata kulifungua, itapiga kelele. Halafu angalia ngao pale chini kulia karibu na saa, ikiwa na tiki ya kijani iko salama, ikiwa na alama nyekundu kuna kitu kimezimwa, na ukiibonyeza itakuonyesha ni nini.

Kwa mafundi wa Mwanga, Gungu na Ujiji mtakaosema nawaharibia riziki, riziki yenu sina ugomvi nayo, kupiga windo ni kazi, kuokoa mafaili ni kazi, tutalipa. Anayetetea kraki namwomba Mhariri ampe nafasi wiki ijayo atuandikie hapa hapa, atuambie ile iliyomo kwenye flashi yake aliitoa wapi, aliyeitengeneza ni nani, na kwa nini haiwezi kuingia mpaka Defender izimwe.

Mwalimu,
Mwanga, Kigoma