Barua ya wazi kwa Kamishna wa Sayansi wa Umoja wa Afrika: shaba tunayo, mwanga wa kuitazamia hatuna

Kwa Mheshimiwa Kamishna wa Elimu, Sayansi, Teknolojia na Ubunifu,
Addis Ababa.

Mheshimiwa, nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa tangu 2022 ni lugha ya kazi ya Umoja wenyewe. Wakalimani unao.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, Mbeya. Asubuhi nikinywa chai Uyole nayaona malori ya shaba yakitokea Tunduma kwenda bandari ya Dar es Salaam. Ni mabamba mekundu ya upana wa mita moja hivi, yamefungwa kwa mikanda ya chuma. Ukiutazama mzigo utasema lori limebeba nusu tu. Tazama matairi ndipo ujue. Kongo sasa ni ya pili duniani kwa kuchimba shaba, nyuma ya Chile. Nakuandikia kuhusu shaba hiyo na mtambo wa mwanga wa kuitazamia, ila bei yake nawaachia wengine.

Mwaka 1986, huko Rüschlikon karibu na Zürich, wanafizikia Bednorz na Müller walichanganya lanthanamu, bariamu, shaba na oksijeni, wakapata kauri ambayo ikipoozwa hadi kelvini 30 na ushee (kelvini ni kipimo cha joto kinachoanza sifuri kwenye baridi isiyoweza kuzidi) huanza kupitisha umeme bila ukinzani wowote. Kabla yao, rekodi ilikuwa imekwama kwenye 23. Mwaka uliofuata walipewa Nobel, na Marekani makundi ya Wu na Chu yakafika kelvini 93 kwa oksaidi ya itriamu, bariamu na shaba. Hapo naitrojeni ya kimiminika, inayochemka kwenye kelvini 77, ikawa inatosha kuipooza. Wafugaji wa Rungwe wanaifahamu: ndiyo iliyomo kwenye mtungi wa mtaalamu wa uhimilishaji, ile inayofuka akifungua kifuniko.

Lakini kinachoninyima usingizi mimi ni kwamba kauri mama ya ukoo huu, yaani ya lanthanamu, shaba na oksijeni kabla ya kuchezewa, haipitishi umeme kabisa. Hesabu za kawaida za elektroni zinasema ingepaswa kupitisha kama metali. Kwa nini haipitishi? Darasani huwa nachukua bao. Tandaza shaba na oksijeni katika tabaka bapa, kila atomu ya shaba iwe shimo moja la bao, na kila shimo lina kete moja, yaani elektroni moja. Sasa weka sharti: kete mbili zisikae shimo moja, kwa sababu zinasukumana mno. Mchezo umekwama. Kila kete imebaki mahali pake, usumaku wake umeelekea kinyume na wa jirani yake.

Ukibadilisha sehemu ya lanthanamu kwa strontiamu, unaondoa kete chache. Kete jirani inahamia palipo wazi, inaacha tupu ilipotoka, na ule utupu unaanza kutembea ubaoni. Wanafizikia nao huuita shimo, na sikuwafundisha mimi. Yakifika mashimo matupu ya namna hiyo matano hivi kwa kila atomu mia za shaba, ukinzani unaanza kutoweka kwenye baridi. Kwenye kumi na sita, kauri inafikia kilele chake. Yakikaribia ishirini na saba, yote yamekwisha, imebaki metali ya kawaida.

Na elektroni zinapoungana mbilimbili, muungano wenyewe hauna nguvu sawa pande zote. Ni imara zaidi kufuata mistari ya shaba na oksijeni, na kwenye mshazari unafika sifuri. Kinachoziunganisha bado kinabishaniwa, miaka karibu 40 sasa.

Haya yote yameonekanaje? Kipande cha fuwele ya kauri hizi za shaba, ya jamii yenye bismathi, kama punje ya mchele uliokatika, hugundishwa kijiti juu yake, kikaingizwa ndani ya chemba iliyofyonzwa hewa. Kijiti kinagongwa, kinang'oka na tabaka la juu, na uso ambao haujawahi kuguswa na hewa unabaki wazi. Unapigwa mwanga wa nishati inayojulikana, elektroni zinaruka nje, na kwa kupima kasi na pembe ya kila moja unajua ilikuwa ikiishi vipi ndani. Kwenye kauri zenye mashimo machache, ile mizingo ya elektroni iliyotarajiwa kuonekana mizima huonekana vipande, kama nilichochora ubaoni kikapitiwa na kifutio.

Mwanga bora wa kazi hiyo hutoka kwenye sinkrotroni, mtambo wa duara unaozungusha elektroni kwa kasi kubwa mno hadi zitoe mwanga mkali. Ulaya zipo, Asia zipo, Brazil wanayo, Australia wanayo. Jordan walifungua yao, iitwayo SESAME, mwaka 2017, wakishirikiana na nchi ambazo hata salamu hazipeani. Kati ya mabara yanayokaliwa na watu, ni letu tu lisilo nayo.

Najua utaulizwa itatusaidia nini. Mwanga huohuo husoma protini za vimelea vya malaria na madini ya udongo, unaweza kujibu hivyo na usiwe umedanganya. Mimi naiomba kwa ajili ya shaba.

Kijana niliyemfundisha kidato cha sita alifika shahada ya uzamili, akapata siku tano za kutumia mwanga katika kituo kimoja cha ng'ambo. Kupimiwa ilikuwa bure. Viza ilitoka siku mbili baada ya zamu yake kwisha. Vipimo vyake walimfanyia wengine, yeye akifuatilia kwa simu akiwa chumbani kwake, bando likikatika.

Tangu mkutano wa Grenoble wa Novemba 2015, wanasayansi wa Afrika wanadai chanzo cha mwanga cha bara. Naomba kiwe na fungu lake kwenye bajeti ya idara yako, lenye tarakimu. Na kwa kuwa jengo lenyewe litachukua miaka, anza na nauli na barua za viza kwa vijana wenye zamu mwaka huu. Huyu wangu ameomba tena.

Wako,
Mwalimu wa fizikia, Mbeya